Nilipokabidhiwa Mtoto Pasipo na Sakafu

Mimi si mtu wa kuona vitu. Naanza na hilo kwa sababu najua utakavyonitazama. Nimechimba dhahabu kule Masumbwe miaka mingi, kwenye maduara, yale mashimo marefu ya kuchimbia ambayo ukizima tochi huoni hata mkono wako mwenyewe, na kule chini kila mchimbaji ana lake: huyu kaona paka mwenye macho ya mtu, yule kaitwa jina na sauti ya marehemu. Mimi sikuwahi kuona wala kusikia. Nilikuwa nawacheka. Kwa hiyo hili halikunikuta kwa sababu nilikuwa nalitafuta. Lilinikuta nyumbani kwangu Mhunze, huku Kishapu, jua likiwa limetoka tu kuzama, nikiwa na akili zangu timamu na ufagio mkononi. Anayebisha aje. Nyumba ipo, na mimi nipo.

Nilipoacha kuchimba, mimi na mke wangu Minza tulinunua nyumba ya zamani karibu na soko. Ilijengwa na mnunuzi mmoja wa pamba, enzi zile pamba ndiyo ilikuwa dhahabu ya huku. Kama hujafika Kishapu, nikuambie: ardhi yetu ni udongo mweusi wa mbuga. Mvua ikinyesha unavimba kama donge lenye hamira, jua likiwaka unapasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi. Sakafu ya saruji huku mtu humwaga kwa matumaini tu. Yule mnunuzi aliliona hilo, akainua nyumba juu ya nguzo fupi za mawe, akalaza maboriti, juu ya maboriti akapigilia mbao. Ukisimama nje ardhini, sakafu ile inakuja usawa wa kiuno chako.

Lakini ilikuwa imechoka. Ukiingia mlangoni unateremka kama unaenda kisimani, ukikaribia dirisha unapanda. Na katikati ya sebule, ewe ndugu yangu, panesa! Ukipita hapo vikombe vinagongana kabatini, na mgeni anashika kiti kwa mikono miwili.

Kwa mtu mwingine ingekuwa kero tu. Kwangu ilikuwa zaidi ya kero. Mchimbaji akihisi kitu kinanesa chini ya unyayo wake, moyo unamwambia neno moja: toka. Nilikuwa napita sebuleni kwangu nikipapasa ukuta kama kipofu.

Minza yeye aliipenda. Binti yetu Kabula alikuwa mchanga, na kila jua likienda kuzama alianza kulia bila sababu, akilia hadi anakauka sauti. Mama yake alimbeba, akasimama pale katikati, akawa ananesa tu, polepole, mbao zikilia kwii, kwii, na mtoto akalala. Nilipomwambia nimempata fundi wa kung'oa sakafu yote, hakukataa, ila alisema:

"Baba Kabula, ukiweka mpya, hapa katikati paache panese kidogo."

"Unataka sakafu au godoro?"

"Nataka mtoto alale."

Aliyecheka sana aliposikia maneno hayo ni jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, Bi Zena. Ni bibi wa umri wa kupita sabini, mjane, mwenye mtandio mweupe na meno yake yote. Yeye alizaliwa katika nyumba hiyohiyo, baba yake alipokuwa karani wa mizani wa yule mnunuzi wa pamba. Baadaye ndipo wakajenga kwao ng'ambo. "Mwachie mkeo panesapo," aliniambia. "Hapo pamelea wengi." Nikaitikia kwa adabu, na moyoni nikasema, bibi, wewe hulali humo.

Basi Minza akachukua mtoto, akaenda kijijini kwa mama yake hadi kazi iishe. Mimi na Fundi Rashidi tukaingia kazini. Fundi huyu ni seremala, mtu wa Tabora, mpole, anayeongea na mbao kuliko anavyoongea na watu. Tulianza na mtaimbo mlangoni, tukarudi nyuma kwa nyuma. Mbao za juu zilikuwa za mninga, bado zina heshima yake. Chini yake kulikuwa na safu nyingine ya mbao nyembamba, na hiyo ndiyo mchwa walikuwa wameifanyia karamu; ukiigusa inamwagika kama pumba. Kisha tukaona ugonjwa wenyewe. Nguzo ya katikati ilikuwa imezama udongoni, na boriti lililotakiwa kulala juu yake lilikuwa linaning'inia hewani. Ndiyo siri yote ya kunesa.

Najua unachosubiri. Unataka niseme tukakuta mifupa, au chungu kilichofungwa kitambaa chekundu. Hatukukuta. Tulikuta kitana, kifungo cha shati, na vumbi. Vumbi jingi sana. Nakuapia, chini ya nyumba ile hapakuwa na kitu chochote cha kumtisha hata kuku.

Jioni hiyo sebule nzima ilikuwa wazi. Mbao zimetoka, maboriti yametoka, kumebaki kuta, madirisha, na ardhi kwa chini. Adhana ya magharibi ilipoanza, Fundi Rashidi akajifuta mikono, akaenda msikitini. Mimi nikabaki shimoni nafagia vumbi la mchwa ili kesho tupulize dawa. Kulikuwa kunaanza kuwa giza, nikavaa tochi yangu ya kichwani, ile ya machimboni. Nilikuwa mweupe vumbi tangu nywele hadi kope.

Nikasikia kwii. Kwii.

Nikaacha kufagia. Ile sauti naijua. Nimeichukia tangu tulipohamia. Lakini mbao zenyewe si zimerundikwa nje uani? Nikasema labda ni mlango. Kwii. Kwii. Inakuja kutoka upande wa chumba cha nyuma. Nikainua kichwa, na mwanga wa tochi ukaangukia miguu.

Miguu ya mwanamke, pekupeku. Ilikuwa mbele ya macho yangu, juu kidogo ya kiuno changu, imekanyaga pale sakafu ilipokuwa. Pale ambapo sasa hapakuwa na kitu! Ilikanyaga hewa, na hewa ikalia kama ubao. Unyayo ukishuka unabonyea, kisigino kinanyooka, unainuka. Nilimulika chini yake nikaona ardhi na ufagio wangu. Nikamulika juu.

Alikuwa dada wa kawaida kabisa, niamini. Hakuwa na kwato, wala nywele za kufagia chini. Kijana, amejifunga kaniki, kitambaa kichwani kimelegea, macho mekundu ya mtu asiyelala. Begani kwake kulikuwa na mtoto, na mtoto alikuwa anakohoa. Umewahi kusikia kifaduro? Mtoto anakohoa mfululizo hadi pumzi inamwisha, halafu anavuta hewa kwa mlio kama jogoo aliyekabwa. Ndivyo alivyokuwa. Mwanamke alifika katikati, pale panesapo, akaanza kunesa. Akanesa, akanesa. Mtoto hakunyamaza.

Kukimbia? Niliwaza. Nikabaki nimemmulika tu. Hata sala niliyoifahamu tangu utotoni ilinipotea.

Ndipo akaniona. Akashtuka, akarudi nyuma hatua moja, mbao zisizokuwepo zikalia. Tulitazamana. Nilitegemea afoke, acheke kicheko kile cha kwenye hadithi. Unajua alifanya nini? Aliniamkia.

"Mwangaluka," alisema kwa sauti ndogo ya kuogopa.

Hiyo ni salamu ya Kisukuma ya asubuhi, na jua lilikuwa limezama sasa hivi. Lakini ulimi una mazoea yake. Nikajikuta nimejibu, kama unavyomjibu mama yeyote:

"Mwangaluka, mayu."

Mtoto akashikwa tena na kikohozi, safari hii mlio wa kuvuta hewa ukachelewa kuja. Nikaona magoti ya yule mama yanakunjika. Si kwa kuniogopa. Alikuwa amechoka, alichoka kama watu wanaotolewa duarani baada ya zamu mbili. Akainama kuelekea kwangu na kunyoosha mikono.

"Nishikie," alisema. "Nishikie kidogo tu, wewe uliye wa Mungu au usiye wa Mungu. Nitamwangusha."

Nimesikia tangu udogoni kwamba viumbe hao wakikupa kitu usipokee. Ukipokea umekwisha. Machimboni tunaambiana hivyo kila siku. Lakini wewe uliye hapo unanisikiliza, nikuulize: mtoto anaponyoka mikononi mwa mama mbele ya macho yako, utasimama unakumbuka miiko? Nilidondosha ufagio, nikapokea, mikono ikinitetemeka.

Alikuwa mzito. Hilo ndilo ninalotaka ulishike. Hakuwa moshi, hakuwa baridi. Alikuwa mzito kama Kabula, na anaungua kwa homa, ananuka maziwa na mafuta ya nyonyo. Kichwa chake kikalala shingoni kwangu, kikohozi kikampiga, nikahisi mbavu zake ndogo zikigonga kifua changu. Nikamgeuza mgongo, nikampigapiga kama nilivyomwona mama mkwe wangu akifanya. Mama yake alikuwa amekaa ameegemea ukuta, amekaa juu ya hewa, na kichwa kimeanguka kifuani. Usingizi ulimchukua hapohapo.

Nimnesee juu ya nini? Nilikuwa nimesimama ardhini. Basi nikawa nayumba mwili wenyewe, na mdomo ukaanza kuimba bila kuuliza. Sijui nyimbo za watoto. Nilimwimbia ile tunayoimba machimboni tunapovuta mtu kwa kamba kutoka chini:

"Vuta pole, vuta pole, yuko mtu kambani. Ukivuta kwa pupa, utamwacha gizani."

Niliimba, nikarudia. Nikarudia tena. Sikujua tena kama naogopa. Kuna wakati pumzi yake ilikatika kabisa, nami nikamwambia kwa sauti, kama ninavyomwambia mtu aliye kwenye kamba, "Shikilia! Shikilia, unakaribia!" Akavuta hewa. Akatoa kohozi zito begani kwangu. Kisha jasho likamtoka, jingi, shati langu likalowa, mwili ukaanza kupoa. Na akalala.

Sasa nimweke wapi? Mama amelala. Nikafanya jambo ambalo hadi leo nikilisimulia nywele zinasimama: nilimwinua, nikamlaza pale ambapo sakafu ilikuwa. Juu ya hewa. Nilikuwa nimeweka viganja vyangu chini yake, tayari kumdaka. Hewa ikampokea. Nikatoa mkono mmoja. Nikatoa wa pili. Ubao ukalia kwii, mara moja, na pakawa hapana mtu. Wala mtoto, wala mama. Kuta nne, na mimi.

"Mama Kabula karudi?"

Alikuwa Fundi Rashidi, amesimama mlangoni na kofia yake mkononi.

"Hajarudi," nilisema.

"Nimesikia mtoto akikohoa. Nimesikia toka barabarani." Akanitazama begani. Shati lilikuwa limelowa upande mmoja, na juu ya vumbi lile jeupe palikuwa na alama ya kohozi, bado mbichi. Alishuka shimoni, akanishika mkono kama unavyomshika mgonjwa, akanitoa nje, na usiku huo nikalala kwake.

Kesho yake tulirudi. Kwa nini nilirudi? Kwa sababu nyumba ni yangu, na kwa sababu, ukweli wa Mungu, moyoni sikuwa na hofu kama nilivyotegemea. Nilikuwa na wasiwasi wa namna nyingine: yule mtoto alipona? Ndilo lililokuwa linaniuma nikishindilia mawe ya nguzo mpya. Tulichimba tukapita udongo mweusi hadi kwenye changarawe, tukajenga nguzo za kutosha, tukalaza maboriti mapya, safu ya chini tukaipaka dawa ya mchwa, ya juu tukarudisha ule mninga wa zamani ulioshikilia na kuongeza mpya palipopungua. Fundi akaweka pimamaji kila pembe, kiputo kikatulia katikati. Sakafu ikawa imenyooka na kutulia. Nikaruka juu yake kama ndama, vikombe kimya.

Minza akarudi. Sikumwambia. Nilisema nitamwambia akishazoea.

Siku ya pili Bi Zena akavuka barabara kuja kuona kazi. Alivua viatu mlangoni ingawa tulimkataza, akatembea taratibu akipapasa mbao kwa unyayo, akakaa kwenye kiti, Minza akaenda kumchemshia chai. Jua lilikuwa linaenda kushuka na Kabula akaanza kilio chake. Nilimchukua. Kwa kuwa sakafu hainesi tena, nikawa nayumba mwenyewe, na wimbo ukanitoka.

"Vuta pole, vuta pole, yuko mtu kambani…"

"Ukivuta kwa pupa, utamwacha gizani," akamalizia Bi Zena.

Nikaacha kuyumba. Yeye akatabasamu tu, kisha tabasamu likamwisha.

"Baba Kabula, huo wimbo kakufundisha nani?"

"Ni wa machimboni, bibi. Sisi ndio tuliutunga, kwenye duara letu. Wewe umeujulia wapi?"

"Wa machimboni wapi! Huo ni wa mama yangu. Nimelelewa nao, nimelea nao wanangu. Hauimbwi nyumba nyingine yoyote. Mama mwenyewe alikuwa anasema ameupata kwa mtu asiye wa dunia hii."

Minza alikuwa ametoka na chai, akasimama nayo. Bi Zena akasimulia, naye hakujua anamsimulia nani. Alikuwa mchanga, alisema, ameshikwa na kifaduro, na majirani walishaanza kumwambia mama yake, Nyamizi, ajiandae. Baba yake alikuwa safarini na magunia ya pamba. Alfajiri moja, mama akiwa hajalala kwa siku nyingi, alikuja kusimama hapa katikati anambembeleza, akamwona mtu.

"Amezama kwenye sakafu hadi kiunoni," alisema Bi Zena. "Mweupe kama aliyemwagiwa unga, na mwanga unamtoka kwenye paji la uso. Mwanzoni mama alidhani ni jini la nyumba. Lakini alikuwa hana nguvu tena, angeniangusha. Akamwamkia, likaitikia. Akalipa mtoto. Anasema hajui alilala vipi. Alikuwa anasikia kwa mbali likiniimbia, na mara moja likapiga kelele, 'Shikilia, unakaribia!' Alipoamka jua limepanda, mimi nimelala chali katikati ya sakafu, nimepoa, napumua kama mtu. Baba siku zote alisema ni jini. Mama hadi anakufa, na alikufa mzee mwenye vitukuu, alisema ni malaika. Maana, alisema, jini gani linatetemeka mikono?"

Nilimpa Minza mtoto. Nilienda chumbani, nikatoa ile tochi ya kichwani, nikarudi nimeivaa na kuiwasha. Nilisimama tu mbele yake.

Bi Zena aliitazama ile tochi. Kisha akainuka, akanishika mikono yote miwili, akaigeuzageuza viganja, akaweka kichwa chake chenye mtandio mweupe begani kwangu, upande uleule. Alikuwa mwepesi sasa. Alilia kidogo, halafu akacheka, na Minza aliyekuwa haelewi kitu akalia pia kwa kuwa tunalia.

Mambo yalivyo hadi leo ni haya. Yule mama hajaonekana tena, wala sakafu haijalia. Kabula anatembea. Mimi napita katikati ya sebule yangu bila kushika ukuta. Tatizo langu ni moja tu: Bi Zena ananiamkia. Ananiamkia mimi, mwenye umri wa mwanawe wa mwisho, katikati ya soko, mbele ya kina mama wa dagaa! "Shikamoo, baba." Watu wanatazamana, wanasema bibi wa watu uzee umemzidi. Mwanzoni nilikataa kuitikia, akanikaripia hadharani: "Ulinipakata kabla sijaota jino, leo unaninyima marahaba?" Basi sasa naitikia. Nasema marahaba, mwanangu, hujambo, na yeye anaondoka na kikapu chake akiwa amefurahi kama msichana.

Sikuambii haya ili ucheke, ingawa cheka. Nakuonya. Siku ukikutana na kiumbe cha ajabu mahali pasipostahili, usiharakishe kupiga kelele kwamba umeona jini. Huenda na yeye anapita katika balaa lake, na jini ni wewe. Na akikunyooshea mtoto, mpokee. Kuogopa utaogopa baadaye. Muda wa kuogopa upo.